Upele umerudi baada ya kupaka BBE: je, dawa ilikuwa feki?

*"Daktari, naomba msaada. Mwanangu wa miaka 13 alirudi likizo kutoka shule ya bweni akiwa na vipele vinavyowasha sana usiku, katikati ya vidole, kiunoni na sehemu za siri. Duka la dawa walinipa chupa moja ya BBE. Nilimpaka kwenye vipele kwa siku tatu akapata nafuu, lakini baada ya wiki tatu muwasho umerudi. Sasa mdogo wake wa miaka 5 naye anajikuna, na mtoto wa miezi 8 ninayemnyonyesha ana malengelenge kwenye nyayo na viganja. Mimi nawashwa kidogo kifuani, na wifi yangu tunayeishi naye anawashwa mikononi. Baba yao hana kitu, anasema hawezi kupaka dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Duka lingine walinipa tyubu ya krimu, ikatuliza siku nne halafu vipele vikaenea zaidi. Tumepaka pia kalamaini. Jirani ananishauri dawa ya kuogeshea ng'ombe. Je, BBE niliyonunua ilikuwa feki? Na huyu mdogo nimpake nini?"*

Pole sana, mama. Muwasho unaozidi usiku, vipele vya katikati ya vidole, kiunoni na sehemu za siri, kisha watu wa nyumba moja wanafuatana kujikuna: huo ni upele wenyewe, ule unaoletwa na kidudu. Si joto wala aleji ya sabuni. Malengelenge ya nyayo na viganja kwa mtoto wa miezi 8 yanazidi kunipeleka huko, kwa sababu kwa watoto wachanga upele hupenda kutokea sehemu hizo.

Chupa yako sidhani kama ilikuwa feki. BBE, yaani dawa ya kupaka ya benzili benzoeti, ya asilimia 25 ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na bado inaua vidudu vya upele vizuri. Kilichoiangusha nyumbani kwako ni kwamba ilipakwa penye vipele tu, na ilipakwa kwa mtu mmoja tu. Hukukosea kwa uzembe. Watu wengi hukabidhiwa chupa dirishani bila kuelezwa chochote, na kwa macho ya kawaida inaonekana sawa kabisa kupaka dawa pale panapowasha.

Kwa upele, lakini, panapowasha sipo kidudu kilipo. Kidudu hiki ni cha jamii ya utitiri, na jike lake halifiki hata nusu milimita. Jike hujichimbia kihandaki katika tabaka la juu kabisa la ngozi, hutaga humo mayai 2 au 3 kila siku, na huishi mwezi mmoja hadi miwili. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na baada ya wiki mbili hivi vile vitoto vimekuwa vidudu kamili. Mtu mwenye kinga nzuri, hata akiwa amejaa vipele kuanzia mabegani hadi magotini, kwa kawaida ana vidudu vikubwa 10 hadi 15 tu mwili mzima. Vipele vingi unavyoviona ni mzio: mwili unakasirikia kidudu, mayai yake na kinyesi chake, na hasira hiyo inatokeza hata mbali na kihandaki. Kwa hiyo ukipaka kwenye vipele pekee, unaweza kumaliza chupa nzima na kuacha vidudu vitano vimetulia chini ya kucha, kwenye kitovu au katikati ya makalio. Vinataga, wiki mbili tatu zinapita, na muwasho unarudi. Ndivyo ilivyotokea kwa kijana wako, karibu siku kwa siku.

Mzio huohuo unaeleza habari ya mumeo. Mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza maishani hukaa wiki 2 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa, kwa sababu mwili bado haujajifunza kumchukia mdudu huyo. Muda wote huo anavyo, na anawaambukiza wengine. Mtu aliyewahi kuugua zamani huanza kujikuna ndani ya siku 1 hadi 4. Basi mwambie mumeo hivi: kutowashwa si ushahidi kwamba hana. Akikataa kupaka, mtawatibu watoto wote na wewe utarudi kulala naye kitanda kimoja, mduara uanze upya.

Sasa hesabu ya dawa, maana hapo ndipo chupa moja inapoonekana ilivyo ndogo. Mtu mzima anahitaji takriban mililita 30 kwa kupakwa mara moja mwili mzima, yaani vijiko viwili vya chakula. Kwenu: wewe 30, baba 30, wifi 30, kijana wa miaka 13 kama 25, na wa miaka 5 kama 10 za dawa kabla ya kuchanganya maji. Hizo ni mililita 125 kwa usiku mmoja. Kwa siku tatu mfululizo, utaratibu uliozoeleka hospitalini kwetu, ni mililita 375, yaani chupa nne za mililita 100. Mtoto wa miezi 8 sijamhesabu humo kwa makusudi, nitamfikia. Ukiwa na fedha ya chupa mbili tu leo, subiri hadi upate zote nne. Kutibu nusu ya nyumba wiki hii na nusu nyingine wiki ijayo ni kutupa fedha.

Unaponunua, soma kwenye chupa: jina benzili benzoeti, nguvu ya asilimia 25, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ni maji mazito meupe kama maziwa yenye harufu yake kali kidogo. Ikikaa hujitenga, mafuta upande mmoja na maji upande mwingine. Hilo ni la kawaida, wala halimaanishi imeharibika, lakini usipoitikisa vizuri kila mara mtu wa kwanza atapakwa maji na wa mwisho atapakwa dawa kali inayochoma. Ukiitikisa ikagoma kabisa kuungana, irudishe dukani.

Kijana wa miaka 13 na watu wazima wanapaka ilivyo. Wa miaka 5 mchanganyie nusu kwa nusu: kipimo kimoja cha dawa na kipimo kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, ndani ya bakuli la stili au la udongo, kiasi cha usiku huo tu. Usiichanganye na losheni ya mwili ili inukie vizuri. Nimeona watu wakishauriana hivyo, lakini kufanya hivyo ni kuipunguza nguvu bila kujua umeipunguza kiasi gani, na mafuta ya urembo yakitangulia kwenye ngozi huzuia dawa isishike. Siku hizo tatu weka losheni na mafuta pembeni.

Chagueni jioni moja ambayo wote mpo, tuseme Ijumaa. Kateni kucha za mikono na miguu ziwe fupi kabisa. Ogeni kwa maji ya kawaida na sabuni, jifuteni, kisha subirini ngozi ikauke na ipoe. Ule ushauri wa zamani wa kuoga maji ya moto na kujisugua kwa dodoki kabla ya kupaka uacheni. Ngozi iliyochubuka huungua na dawa, na inanyonya dawa nyingi zaidi kuingia mwilini, kumbe tunaitaka ibaki juu.

Pakeni kuanzia chini ya taya hadi ncha za vidole vya miguu, bila kuruka mahali. Mtu hawezi kujipaka mgongo wake mwenyewe, kwa hiyo mpakane. Sehemu zinazosahaulika ni zilezile kila nyumba: nyuma ya masikio na shingoni, makwapani, kuzunguka chuchu na chini ya matiti, kitovuni, mstari wa mkanda, kinenani, uume na korodani, katikati ya makalio, nyuma ya magoti, katikati ya vidole vya miguu, nyayo, na chini ya kucha. Kwa kucha tumia mswaki mzee, kisha utupeni. Epukeni macho, midomo, na ndani ya sehemu za siri. Dawa ikikauka kwa dakika kumi hivi, vaeni nguo safi. Itachoma kwa dakika chache, zaidi penye mikwaruzo na sehemu za siri. Kuchoma kwa muda ni kawaida, lakini kuungua kunakoendelea kwa saa nzima, ngozi ikawa nyekundu na kuvimba, ni sababu ya kuiosha na kumwona mhudumu wa afya.

Halafu mikono. Hapa ndipo matibabu mazuri yanapoharibikia, na wanaoathirika zaidi ni akina mama. Unapaka saa mbili usiku, saa mbili na nusu unaosha vyombo, alfajiri unakanda unga wa chapati au unafua nepi, na dawa yote ya mikononi imekwenda na maji, wakati mikono ndiyo makao makuu ya vidudu hivi. Kila mkinawa, pakeni tena viganja, katikati ya vidole na vifundo vya mikono. Kama inawezekana, siku hizo tatu mtu mwingine aoshe vyombo.

Jumamosi jioni ogeni, mpake tena. Jumapili vivyo hivyo. Jumatatu jioni ogeni na mwisho wa duru. Dawa hii inaua vidudu vizuri kuliko inavyoua mayai, kwa hiyo katika nyumba yenye watu wengi kama yenu napendelea marudio ya usiku mmoja kati ya siku ya 7 na ya 10, ili kuwapata walioanguliwa baadaye. Zaidi ya hapo acheni. BBE ikipakwa wiki nzima au mbili hukausha ngozi na kuiunguza, na ngozi iliyoungua inawasha, na mtu huyo huamini upele umekataa kupona, akaongeza dawa.

Krimu ya permethrini ya asilimia 5 ni njia nyingine, na mfuko ukiruhusu ni nzuri: inapakwa usiku mmoja, inakaa saa 8 hadi 12, inaoshwa, na inarudiwa baada ya siku 7. Haichomi sana. Tatizo lake ni bei, na ukweli kwamba mtu mzima mmoja hutumia karibu tyubu nzima ya gramu 30 kwa mara moja. Familia nyingi hununua tyubu moja wakagawana watu watano. Kati ya permethrini iliyogawanywa hivyo na BBE iliyopakwa kikamilifu, nachagua BBE bila kusita.

Kwa mtoto wa miezi 8, hata hivyo, permethrini ndiyo chaguo langu la kwanza. Inaruhusiwa kuanzia umri wa miezi 2. Kwake yeye dawa inapakwa hadi kichwani, usoni na masikioni kwa sababu watoto wachanga hupata upele huko, ila macho na mdomo viachwe. Mvalishe soksi mikononi asinyonye vidole. Ikikosekana, mafuta ya salfa ya asilimia 5 hadi 10 yaliyochanganywa kwenye jeli ya petroli ni salama kwa wachanga na wajawazito. Hupakwa usiku tatu mfululizo, yananuka na kuchafua nguo, lakini yanafanya kazi. BBE kwa umri wake hutumika tu ikiwa imepunguzwa sana, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, na haikai zaidi ya saa 12. Hilo nisingependa ulifanye peke yako nyumbani. Mpeleke kituo cha afya, aonekane hayo malengelenge kama yameingia usaha, apimwe uzito na kuandikiwa dawa, kisha apakwe Ijumaa ileile pamoja na nyinyi. Wewe unayenyonyesha osha chuchu vizuri kabla ya kila kunyonyesha, na ukimaliza zipake tena.

Ile krimu ya tyubu ningependa uitafute usome maandishi yake. Kama kuna klobetasoli, betamethasoni au deksamethasoni, hiyo ni steroidi, mara nyingi ikiwa imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja. Steroidi hunyamazisha mzio, na ndiyo maana mlipata raha ya siku nne. Kidudu hakiguswi. Kinachofanyika ni kwamba mwili unalazwa usingizi huku vidudu vinaongezeka, na vipele vinabadilika sura hadi hata mganga mzoefu anaweza kudhani ni fangasi au ukurutu. Acheni kuitumia kabisa, na usimpake mtoto mchanga hata tone: ngozi yake nyembamba huipitisha hadi kwenye damu. Kalamaini haina ubaya, ni unga wa zinki wenye rangi unaopoza ngozi. Itunze kwa ajili ya baada ya tiba, ila haijawahi kuua kidudu chochote.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe, hapana, mama. Mtu aliyejikuna ana vidonda vidogo mwili mzima, na sumu zile, amitrazi au jamii ya oganofosfeti, hupenya hapo moja kwa moja. Kwa mtoto mdogo matokeo yake ni jasho jingi, mate kumtoka, usingizi mzito, degedege na kushindwa kupumua. Nasema vivyo hivyo kuhusu mafuta ya taa, maji ya betri, na sindano ya ivermektini ya mifugo. Ivermektini ya binadamu ipo, ni vidonge, kipimo chake ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, hunywewa mara mbili kwa kupishana siku 7 hadi 14. Inasaidia sana mabwenini na pale dawa za kupaka zimeshindikana. Hapewi mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15, na kwa wasomaji walio katika misitu ya Kongo yenye ugonjwa wa minyoo ya loa loa, inaweza kuleta madhara makubwa ya ubongo. Iandikwe na daktari.

Kwenye usafi wa nyumba msijitese. Miaka ya 1940 huko Sheffield, Uingereza, mtafiti Kenneth Mellanby aliwalaza watu wa kujitolea kwenye mablanketi yaliyotumiwa na wagonjwa wa upele, na walioambukizwa walikuwa wachache mno. Upele hupita ngozi kwa ngozi: kulala pamoja, kubebana, kushikana mikono kwa muda mrefu. Kidudu kikitoka mwilini hakimalizi zaidi ya siku 2 au 3. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi fueni nguo, shuka, taulo na khanga zilizotumika siku tatu zilizopita, kwa maji ya moto, zianikwe juani na kupigwa pasi. Usiisahau mbeleko ya mtoto, maana humgusa yeye na kila anayembeba. Vitu visivyofulika, blanketi zito, sweta, viatu vya kitambaa, vifungeni kwenye mfuko wa plastiki siku 4. Magodoro yapige jua. Mapazia, kuta na sakafu havihitaji dawa. Wala upele si alama ya uchafu, huingia nyumba zinazong'aa.

Baada ya yote hayo mtaendelea kuwashwa, na hilo nalo ulijue mapema. Vidudu vilivyokufa bado vimo ndani ya ngozi hadi tabaka la juu lijibandue, na mzio huchukua wiki 2 hadi 4 kutulia. Muwasho unaopungua kidogo kidogo ni dalili njema. Tumieni kalamaini, jeli ya petroli isiyo na manukato, na kwa watu wazima kidonge cha setirizini, dawa ya mzio, usiku. Vinundu vigumu kwenye korodani au makwapani vinaweza kukaa miezi bila kuwa na kidudu hai ndani. Tiba imeshindwa pale vipele vipya vinapoendelea kuota baada ya wiki 4, au muwasho uliokwisha kupungua unaporudi kwa kasi. Hapo nendeni kwa daktari wa ngozi, au kwanza mjiulize kama kuna mtu alirukwa.

Msingoje wiki 4 ikiwa kuna homa, usaha, gamba la njano kama asali, au uvimbe mwekundu unaosambaa. Bakteria wanaoingia kwenye mikwaruzo ya upele wanaweza kudhuru figo wiki chache baadaye. Mtoto akiamka uso umevimba, au mkojo ukawa na rangi ya kola, hospitali siku hiyohiyo. Vilevile mtu mwenye magamba mazito mikononi au kichwani, hasa mzee au aliyepungukiwa kinga, huyo hana vidudu 15, ana maelfu, na tiba yake ni ya hospitali.

Kijana anaweza kurudi shule siku moja baada ya kumaliza duru ya kwanza. Ila kabla hajapanda gari, mpigie matroni. Mwambie wazi kwamba mwanao alitoka bwenini na upele, na kwamba bweni lote linapaswa kupakwa dawa usiku mmoja. Kama bado hawajapanga kufanya hivyo, mfungashie shuka zake mwenyewe na chupa yake ya BBE ya marudio, mwonyeshe namna ya kuitikisa, na mwambie aombe rafiki mmoja ampake mgongoni.